Ukitaka kuipima MLS, anza na benchi

Kila Lionel Messi anapofunga mawili akiwa na Inter Miami, ubishi uleule hufufuka vijiweni na mitandaoni. Wa kwanza atasema MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada, ni ligi ya wazee wanaokula kiinua mgongo. Wa pili atajibu kwamba haiwezekani Messi, Son Heung-min na Thomas Müller wote wawe wamefuata ligi ya mchangani. Wote wawili wanabishana kwa majina, na kwa ligi hii majina ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote, kwa sababu kanuni zake zimetungwa makusudi ili wachezaji watatu waonekane na waliobaki wajaze nafasi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kikwazo cha ziada. Wakati wa kiangazi cha Marekani, mechi inayoanza Miami saa 1:30 usiku kwetu ni saa 8:30 usiku. Ya Los Angeles ikianza muda huohuo wa kwao, kwetu ni saa 11:30 alfajiri. Basi wengi wanaijua MLS kwa vipande vya dakika tatu wanavyotazama kwenye simu asubuhi: mpira wa adhabu wa Messi, mbio za mshambuliaji Denis Bouanga, yameisha. Kwenye vipande hivyo humwoni beki wa kushoto aliyeingia dakika ya 65 na kuacha mlango wazi hadi filimbi ya mwisho. Na huyo ndiye anayekueleza ubora wa ligi.

Hoja ya makala hii ni kwamba wachezaji 11 wa kwanza wa timu nzuri ya MLS, wakiwa wazima wote, hawana aibu mbele ya timu za katikati ya jedwali huko Ureno, Uholanzi au Ubelgiji. Ligi inaporomoka kuanzia mchezaji wa 12 hadi wa 20. Inaporomoka kwa sababu ya hesabu iliyoandikwa kwenye kanuni za usajili, hesabu ambayo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuifanya.

Tuifanye. Msimu wa 2025 kila klabu iliruhusiwa bajeti ya mishahara ya dola milioni 5.95 kwa kikosi cha juu chenye wachezaji hadi 20. Hakuna mchezaji anayehesabiwa zaidi ya dola 743,750 ndani ya bajeti hiyo. Tangu 2007, mwaka ambao David Beckham alitua LA Galaxy, kuna mlango wa pembeni: mchezaji maalumu ambaye mshahara wake hauna ukomo, ila kwenye bajeti anaandikwa kwa hizo dola 743,750 tu, na kinachozidi mmiliki anakitoa mfukoni mwake. Leo nafasi hizo ni hadi tatu kwa klabu. Ukizijaza zote zinakula dola 2,231,250. Zinabaki dola 3,718,750 za kugawana watu 17, yaani dola 218,750 kwa kila mmoja kwa mwaka. Kwa wiki ni kama dola 4,200.

Ligi inajua kwamba kwa fedha hizo hupati timu, kwa hiyo imeongeza mifuko miwili ya kupunguzia makali. Msimu huo mmoja ulikuwa wa dola milioni 2.93 na mwingine wa dola milioni 2.225 kwa kila klabu. Ukiimwaga yote kwenye mishahara ya wale 17, bila kubakiza hata senti ya kununulia mchezaji, wastani unapanda hadi kama dola 522,000 kwa mwaka, takriban dola 10,000 kwa wiki. Na hapo ni klabu iliyojibana vizuri kabisa. Ligi Kuu ya England, beki wa akiba wa timu inayopigania kutoshuka daraja hawezi hata kufungua mazungumzo kwa fedha hizo. Messi peke yake, kwa mujibu wa orodha ya chama cha wachezaji, amehakikishiwa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka, kiasi kinachozidi mishahara ya kikosi kizima cha timu nyingi za ligi hiyohiyo. Orodha hiyo, kwa njia, iko wazi kwa umma, jina kwa jina. Hakuna ligi kubwa ya Ulaya inayokupa kitu kama hicho, na mchambuzi asiyeisoma anajinyima nusu ya kazi yake.

Ulaya nako kuna mipaka ya matumizi, lakini imejengwa kwa namna nyingine. UEFA inazitaka klabu zinazoshiriki mashindano yake zisitumie zaidi ya asilimia 70 ya mapato kwenye mishahara, usajili na mawakala. Hispania, ligi humpangia kila mmoja kiwango chake kulingana na vitabu vyake vya hesabu, ndiyo maana Barcelona wamehangaika kuwaandikisha wachezaji waliokwisha kuwasajili. England kwa miaka mingi imepima hasara: pauni milioni 105 kwa misimu mitatu. Kote huko mkubwa anaruhusiwa kuwa mkubwa, maadamu anaingiza. MLS inaweka tarakimu moja kwa wote, anayejaza uwanja wa watu 70,000 na asiyefikisha 15,000. Tena kisheria mikataba ya wachezaji ni ya ligi yenyewe. Wamiliki wa klabu ni wawekezaji ndani ya kampuni moja.

Sasa mpe mkurugenzi wa ufundi nafasi tatu za kulipa atakavyo. Atazipeleka mbele. Mabao ndiyo yanayouza tiketi na jezi, na mshambuliaji mmoja bora anabadilisha matokeo haraka kuliko beki mmoja bora. Walker Zimmerman aliwahi kuwa mchezaji maalumu pale Nashville akiwa beki wa kati, na jina lake hutajwa kila mjadala huu unapozuka kwa sababu mifano ya aina yake ni haba. Zipo pia nafasi za vijana wa miaka 22 au chini ya hapo zinazoandikwa kwa gharama ndogo, na nazo mara nyingi huishia kwa mawinga wa Amerika Kusini. Safu ya ulinzi inajazwa kwa makombo.

Atlanta United walilipa bei ya mpango huo mwaka 2025. Waliipa Middlesbrough dola milioni 22 kumchukua Emmanuel Latte Lath wa Ivory Coast, rekodi ya ligi kwa wakati huo, na wakamrudisha Miguel Almirón kutoka Newcastle. Mbele walitisha kwenye karatasi. Walimaliza na pointi 28 katika mechi 34 na kukosa mtoano, kwenye ligi ambayo timu 18 kati ya 30 hufuzu.

Kisa cha Galaxy kinaeleza zaidi, kwa sababu wao walikuwa mabingwa. Desemba 2024 LA Galaxy walitwaa kombe kwa kuifunga New York Red Bulls 2-1, mabao ya Joseph Paintsil wa Ghana na Dejan Joveljić. Riqui Puig, kiungo aliyeiendesha timu nzima, hakucheza fainali: alichanika mshipa wa goti kwenye nusu fainali dhidi ya Seattle, akaendelea kucheza hivyohivyo, na akatoa pasi ya bao la ushindi. Klabu ya Ulaya ikishinda ubingwa namna hiyo huingia sokoni kuziba pengo la majeruhi. Galaxy waliingia sokoni kuuza. Nafasi zao tatu zilikuwa za Puig, Paintsil na Gabriel Pec. Joveljić, aliyekuwa amefunga mabao 15 ya ligi na sita ya mtoano, alikuwa amepanda bei kuliko nafasi iliyobaki kwenye bajeti, akauzwa Sporting Kansas City kwa dola milioni 4. Mark Delgado, kiungo wa kazi ngumu, alikwenda kwa mahasimu wao LAFC. Gastón Brugman akaenda Nashville, na beki kijana Jalen Neal akaenda Montréal.

Angalia nani waliondoka. Ukimtoa Joveljić, hao ni wa kundi la mchezaji wa nane hadi wa 15, watu wanaoifanya timu icheze Jumatano na Jumamosi bila kutetereka. Mabingwa walicheza mechi 16 za mwanzo wa msimu wa 2025 bila kushinda hata moja, na ushindi wa kwanza wakaupata Mei 31. Mawinga wawili ghali walikuwa bado wapo, kocha Greg Vanney alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni mgongo wa timu, na ulibadilishwa na kanuni, kwa sababu mchezaji akifanya vizuri mshahara wake unapanda lakini bajeti ya klabu haipandi naye. Jiulize ni ligi gani ya Ulaya ambako ubingwa unakulazimisha uivunje timu iliyouleta.

Uwanjani hali hii ina sura yake, na ukishaijua huwezi kuacha kuiona. Usihesabu mabao. Ligi Kuu ya England msimu wa 2023/24 ilikuwa na wastani wa mabao 3.28 kwa mechi, kwa hiyo wingi wa mabao hauthibitishi ulinzi mbovu. Tazama yanavyopatikana. Kwenye mechi ya MLS, kwa saa ya kwanza, umbali kati ya mabeki na viungo ni wa kawaida. Baada ya dakika ya 60 unaanza kupanuka: mabeki wa kati wanarudi nyuma wakiogopa mbio za winga wa bei mbaya, viungo wanabaki juu kwa sababu mapafu yamekwisha, na katikati panabaki shamba la mita 20. Anayepokea mpira hapo anageuka bila kuguswa. Ndiyo maana ligi hii inatoa mashambulizi mengi ya kushtukiza, watu watatu dhidi ya watatu, yanayopendeza sana kwenye vipande vya asubuhi. Pasi ya kwanza ya beki wa kati chini ya presha nayo ni ya kutazama. England au Ujerumani timu ya kawaida inatoka na mpira hata ikikabwa na watu wanne. MLS wengi wanapiga mbele, au wanajaribu kutoka na kupoteza mita 25 kutoka golini kwao.

Kisha linganisha wanaoingia na wanaotoka. Tangu sheria ya mabadiliko ya wachezaji watano iwe ya kudumu, nusu ya wachezaji 10 wa uwanjani, ukimtoa kipa, inaweza kuwa mpya ifikapo dakika ya 75. Sheria hiyo imepanua pengo kati ya ligi tajiri na maskini kuliko watu wanavyodhani, maana sasa benchi si bima ya majeruhi tena, ni theluthi ya mchezo. Timu ya Ulaya inaingiza winga wa timu ya taifa. Timu ya MLS inaingiza kijana wa akademia au mkongwe wa mshahara wa chini.

Kombe la Dunia la Klabu la 2025, lililochezwa kwenye ardhi yao, lilitoa ushahidi tuliokuwa tumeukosa. Timu tatu za MLS zilicheza mechi 10: ushindi mmoja, sare tatu, vipigo sita. Dhidi ya Wazungu zilikuwa mechi tano. Inter Miami waliwafunga Porto 2-1 jijini Atlanta, Messi akimalizia kwa mpira wa adhabu, na huo ni ushindi halali, Porto si timu ya kubahatisha. Nne zilizobaki zilipotea: PSG 4-0 Miami, Atlético Madrid 3-1 Seattle, PSG 2-0 Seattle, Chelsea 2-0 LAFC. Jumla mabao matatu ya kufunga, 12 ya kufungwa. Mabao yote manne ya PSG dhidi ya Miami yaliingia kipindi cha kwanza, na cha pili Wafaransa wakawa wanatembea.

Hata hivyo, mechi ya kufundishia ni ile ya Miami na Palmeiras ya Brazil. Miami waliongoza 2-0 kwa mabao ya Tadeo Allende na Luis Suárez hadi dakika ya 80. Palmeiras wakasawazisha kupitia Paulinho na Mauricio, wote wawili waliotokea benchi. Kwa dakika 80 ungeapa kwamba timu hizi ni za daraja moja. Dakika kumi za mwisho zikaonyesha klabu moja ina wachezaji 18 na nyingine ina 11.

Kwa msomaji wa hapa kwetu kuna kipimo kilicho karibu zaidi. Miami walitoka 0-0 na Al Ahly kwenye mechi ya ufunguzi, na kipa Oscar Ustari ndiye aliyewaokoa kwa kudaka penalti. LAFC walifungwa 1-0 na Espérance ya Tunisia, bao la Youcef Belaïli, na penalti ya Bouanga ya dakika za nyongeza ikadakwa. Hao ni Waarabu walewale tunaowajua kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika; Simba iliwahi kuifunga Al Ahly 1-0 Dar es Salaam Februari 2021. Haina maana kwamba Simba ingetwaa MLS, kwa sababu mechi moja nyumbani ni mechi moja. Ina maana kwamba vigogo wa Afrika Kaskazini na timu za juu za MLS wako ngazi moja, na wachambuzi wengi wa Ulaya hawapendi kulisema hilo kwa sababu wao Espérance hawajawahi kuitazama.

Kipimo kingine ni Mexico, na kwangu ni cha haki kuliko Ulaya, kwa sababu wanakutana kila mwaka wakiwa na kitu cha kupigania. Kuanzia 2006 hadi 2021 ubingwa wa klabu wa ukanda wa CONCACAF (Amerika Kaskazini, Kati na Karibea) haukutoka Mexico hata mara moja. Seattle wakauvunja mwiko huo 2022 kwa kuifunga Pumas jumla ya 5-2. Kisha wakarudi León, Pachuca na Cruz Azul, wote wakizifunga timu za MLS kwenye fainali. Fainali ya 2025 iliuma: Vancouver, waliokuwa wamewaondoa Inter Miami kwa jumla ya 5-1, walipigwa 5-0 na Cruz Azul jijini Mexico. Mmoja wa wafungaji alikuwa Mateusz Bogusz, aliyeondoka LAFC miezi michache kabla. Mwinuko wa jiji lile, zaidi ya mita 2,200, una sehemu yake. Ratiba nayo ina sehemu yake, kwa kuwa mashindano huanza Februari wakati timu za MLS zimetoka mapumzikoni. Lakini sababu ya tatu ndiyo kubwa: klabu ya Mexico haina kikomo kama kile, inaweza kuwalipa vizuri watu 20.

Kwa hiyo tuiweke wapi? Vikosi vya kwanza vya timu tano au sita bora, nimeshasema: katikati ya jedwali la Ureno au Uholanzi. Kikosi kizima, kwa msimu mzima wa mechi 34 na makombe, ni katikati ya Championship, daraja la pili la England, au nusu ya juu ya daraja la pili Ujerumani. Soko linakubaliana na hilo. Latte Lath alitoka Championship. Cucho Hernández alitoka Watford iliyokuwa imeshuka, akaipa Columbus ubingwa wa 2023, kisha akauzwa Real Betis. Christian Benteke, ambaye mabao yalikuwa yamemkauka Crystal Palace, alifunga 23 akiwa DC United mwaka 2024 na kuwa mfungaji bora wa ligi, na timu yake haikufika hata mtoano. Mtu mrefu anayeruka vizuri bado anapata chakula MLS, kwa sababu mabeki wa kati wa kumdhibiti hewani kwa dakika 90 ni wachache na wanalipwa kidogo.

Kuna wanaosema ligi yenye ushindani ni ligi bora. Ushindani upo kweli: tangu 1996 hadi 2025 mabingwa wamekuwa klabu 16 tofauti, wakati Bayern walibeba Bundesliga mara 11 mfululizo. San Diego FC waliolipa dola milioni 500 kuingia ligi (Toronto walilipa milioni 10 kwa kiingilio hichohicho miaka ya 2000) walimaliza vinara wa Kanda ya Magharibi katika msimu wao wa kwanza kabisa, 2025. Inasisimua. Lakini timu zikisawazishwa kwa kukatwa vichwa, usawa huo hauwezi kuitwa ubora. Na hakuna kushuka daraja. Timu iliyopoteza matumaini mwezi Agosti inacheza miezi miwili ya mazoezi, inauza wakongwe na kujaribu vijana, na anayepangwa kucheza nayo Septemba anapewa pointi rahisi. Huko England timu tatu za mkiani zinakufa na wewe hadi Mei. Ligi ya USL, iliyo chini ya MLS, imepanga kuanzisha kupanda na kushuka daraja ndani yake. Wamiliki wa MLS waliolipa mamia ya mamilioni hawana sababu ya kuiga.

Mazingira nayo tuyataje kwa haraka, kwa kuwa ni kweli lakini yanatumika mno kama kisingizio. Seattle hadi Miami ni kama kilomita 4,400 na tofauti ya saa tatu. Safari ndefu ya England, Newcastle hadi Bournemouth, ni kilomita 560 hivi kwa barabara. Kwa miaka mingi ligi ilibana idadi ya ndege za kukodi, timu zikapanda ndege za abiria na kubadilisha njiani. Nyasi bandia zilizozoeleka Seattle, Portland, Vancouver, Atlanta na kwingineko zinabadilisha mdundo wa mpira na kuumiza magoti ya wazee, ndiyo maana nyota wengine huachwa nyumbani. Joto la Julai pale Texas na Florida linaua presha ya kukaba. Yote hayo yangevumilika kwa benchi pana, na tumeshaona benchi likoje.

Panapostahili sifa ni kwenye kuzalisha vijana, na hapo mwelekeo umegeuka ndani ya miaka kumi. Zamani akina Christian Pulisic na Weston McKennie waliondoka wakiwa vijana bila kucheza MLS hata dakika moja. Kisha Vancouver wakamuuza Alphonso Davies kwa Bayern 2018, Red Bulls wakampeleka Tyler Adams Leipzig, Philadelphia wakamuuza Brenden Aaronson Salzburg, Dallas wakamuuza Ricardo Pepi Augsburg. Sababu ni ileile bajeti: kijana wa akademia ni wa bei nafuu, kwa hiyo anachezeshwa mapema kuliko ambavyo angechezeshwa Ulaya. Philadelphia walimwingiza Cavan Sullivan Julai 2024 akiwa na miaka 14, huku Manchester City wakiwa tayari wamemwekea nafasi atakapofikisha 18.

Kanuni ya wageni nayo inasukuma upande huo. Mashabiki wa Ligi Kuu Tanzania Bara wamezoea wageni 12. MLS inagawa nafasi nane kwa klabu, na zinauzika kati ya klabu na klabu. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anahesabiwa mzawa kwenye klabu za Marekani, hivyo viongozi wa klabu huhangaikia vibali hivyo kama wanavyohangaikia mikataba. Bernard Kamungo wa FC Dallas alifaidika na utaratibu huo. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wazazi wa Kikongo, akahamia Abilene, Texas, mwaka 2016, akaingia kupitia majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya akiba ya Dallas. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi kwenye ile mechi ya 4-4. Hakuchukua nafasi ya mgeni. Mustafa Kizza aliyetoka KCCA ya Kampala kwenda Montréal mwaka 2020 aliichukua, na mgeni anayekalia nafasi bila kucheza haachwi akae muda mrefu. Wakala wa mchezaji wa Afrika Mashariki anayeota MLS aanze na swali hilo kabla ya kuuliza mshahara.

Upande wa wanawake ubishi huu ungesomeka kinyume. NWSL, ligi kuu ya wanawake ya Marekani, kwa miaka mingi ilikuwa juu na Ulaya ndiyo iliyokuwa ikikimbiza. Barbra Banda wa Zambia alifunga bao pekee la fainali ya 2024 na kuipa Orlando Pride ubingwa. Temwa Chawinga wa Malawi alifunga 20 msimu huohuo akiwa Kansas City Current na kuwa mchezaji bora. Lakini Januari 2025 Chelsea walitoa dola milioni 1.1 kumchukua beki Naomi Girma kutoka San Diego, na ligi yenye ukomo wa mishahara ikaona jinsi isiyo nao inavyoanza kuchuma. Pameanza kufanana na kwa wanaume.

Kwa MLS yenyewe tarehe za kuangalia zinajulikana. Kuanzia 2027/28 itacheza kwa kalenda ya Ulaya, Julai hadi Mei, na mapumziko ya kipupwe kati ya Desemba na Februari; mwanzoni mwa 2027 kutakuwa na msimu mfupi wa mechi 14 wa kuvushia. Madirisha ya usajili yatakwenda sambamba na Ulaya, kwa hiyo klabu itaweza kununua beki mwezi Julai bila kumwingiza katikati ya msimu akiwa hajazoea. Faida hiyo ni ya kweli. Ila mkataba wa pamoja kati ya ligi na wachezaji unaisha mwishoni mwa Januari 2028, katikati ya msimu huo wa kwanza, na hapo ndipo itakapoamuliwa kama fedha zitawafika wale 17. Wamiliki wakija na nafasi ya nne ya mchezaji maalumu na kuiita mageuzi, kila klabu itanunua winga mwingine.